Nembo ya Kifuani: Mhadhara wa Kamwokya



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi watalihesabu kuwa dogo, yaani ile alama inayoshonwa upande wa kushoto wa jezi, juu ya moyo, ambayo sote huitazama kila mwisho wa juma pasina kuisoma. Naona fahari kulisema kwa Kiswahili hapa Kampala, mji ambao lugha hii kwa miaka mingi ilisikika zaidi kambini kwa askari kuliko barazani kwa raia, hata ulipofika Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha iwe lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ifundishwe kwa lazima mashuleni. Kiswahili chenyewe, kilichopokea maneno kutoka kila bandari kikayavika ngeli zake na kuyaita yake, ni mjuzi wa mambo haya ya kupokea, nami nitakirejea zaidi ya mara moja.

Chanzo cha fikira zangu ni jioni moja hapa hapa Kamwokya, nilipokuwa nikiteremka kutoka Barabara ya Kira nikawakuta vijana wakifanya mazoezi katika kiwanja kisicho na jani hata moja. Walivaa jezi za mistari ya buluu na damu ya mzee, na kifuani palikuwa na nembo ya Barcelona, kamili kwa umbo na kwa rangi, ila zile herufi za katikati walikuwa wameziondoa wakatia herufi za timu yao. Nikamwita nahodha, kijana mwenye adabu njema, nikamuuliza, "Mwanangu, huu msalaba mwekundu hapa pembeni ni wa nini?" Akajibu, "Shikamoo, mzee. Huo ni wa Msalaba Mwekundu, maana wale Barcelona wanasaidia wagonjwa." Nikamuuliza tena, "Na hii mistari ya manjano na nyekundu?" Akaiinamia jezi yake kwa muda, kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza, kisha akasema, "Hiyo nafikiri ni ya kupendeza tu."

Sikumcheka, wala nyinyi msimcheke, kwa kuwa kosa si lake. Msalaba ule ni wa Mtakatifu George, ambaye watu wa Katalunya wamemfanya mlinzi wao tangu zama za kale, na mistari ile ni bendera ya Wakatalunya, watu ambao chini ya utawala wa Jenerali Franco walikatazwa hata kuitumia lugha yao hadharani, wakapata katika kiwanja cha mpira mahali pa kuukumbuka utaifa wao. Kwa hivyo nembo ile ni ushahidi wa watu fulani juu ya mambo yaliyowasibu wao, na kijana wetu aliubeba ushahidi huo kifuani bila ya kujua kesi ni ya nani wala imesikilizwa wapi.

Wazee wetu wa pwani waliacha mizani nzuri ya kupimia jambo hili, nayo imo ndani ya maneno tunayoyatumia kila siku. Ukiazima kinu kwa jirani, umejifunga kumrudishia kinu kile kile, na makovu ya mtwangio wake. Ukikopa kibaba cha mchele, hurudishi punje zile zile, maana umekwisha kuzila, bali unalipa kibaba kingine kilicho sawa nacho. Na ukichukua pasina kumwarifu mwenyewe wala kukusudia kulipa, neno lake mnalijua, sina haja ya kulitamka mbele ya watoto. Sasa nembo ya Barcelona iliyo juu ya jezi ya Kamwokya tuitie katika fungu lipi? Kuazima si kuazima, kwa kuwa hakuna anayekusudia kuirudisha. Ningependa tuiite mkopo, ambao hauna aibu, lakini mkopo una sharti: mkopaji amkiri mwenye mali, na siku moja awe na kibaba chake mwenyewe cha kulipia.

Nawaomba msidhani kwamba kuchukua rangi za wengine ni ugonjwa wa Waafrika, kwani dhana hiyo imetuletea unyonge tusioustahili. Juventus ya Torino, ambayo jezi yake ya mistari myeusi na myeupe inajulikana hata na watoto wetu wa shule, mwanzo ilivaa rangi ya waridi, na kwa kufuliwa mara nyingi rangi ile ikapauka. Ndipo mwaka 1903, kwa msaada wa Mwingereza aliyekuwa miongoni mwao, wakaagiza jezi kutoka Nottingham, zikafika za mistari myeusi na myeupe za klabu ya Notts County, nao wakazivaa mpaka leo. Arsenal nao, walipoanza mwaka 1886, walipewa jezi nyekundu kwa hisani ya Nottingham Forest, na Leeds United ikavaa nyeupe tupu katika miaka ya 1960 kwa sababu mwalimu wao, Don Revie, aliitazama Real Madrid akatamani ukubwa wake. Lakini sikilizeni jinsi deni la Juventus lilivyolipwa. Tarehe 8 Septemba 2011, walipofungua uwanja wao mpya, wangaliweza kuita klabu yoyote mashuhuri duniani ije icheze nao usiku ule, wakaita Notts County, klabu ndogo ya madaraja ya chini. Wakatoka sare, bao moja kwa moja. Miaka 108 ilikuwa imepita, na mkopaji, aliyekuwa amekua kuliko mkopeshaji kwa mbali, hakuona haya kusimama mbele ya ulimwengu akasema kwamba nguo hii asili yake ni kwenu. Mimi nikisoma habari ile niliiona kuwa ni miongoni mwa mambo ya heshima kabisa yaliyopata kutendeka katika mchezo huu.

Tena angalieni kwamba Juventus walikopa rangi, hawakukopa nembo. Rangi ni mali ya Mwenyezi Mungu, kaitandaza mbinguni na mashambani, wala hapana awezaye kuihodhi. Lakini nembo ni kauli, na kauli lazima iwe na msemaji wake.

Mfano ulio bora zaidi hauko Ulaya, uko Dar es Salaam. Mwaka 1935 ilizaliwa klabu ya Young Africans, na mwaka uliofuata ikazaliwa ya pili, ambayo ilipita katika majina ya Queens na Eagles kabla ya kuitwa Sunderland, kwa jina la klabu ya kaskazini ya Uingereza iliyovaa nyekundu na nyeupe, na ambayo katika mwaka huo huo wa 1936 ilikuwa bingwa wa ligi ya kwao. Chini ya jina hilo la mkopo klabu ile ya Kariakoo ilijipatia sifa kubwa, hata ligi ya taifa ilipochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1965 bingwa alikuwa Sunderland. Fikirini basi, nchi imekwisha kujitawala, bendera yake inapepea, na ubingwa wake wa kwanza wa kandanda unaandikwa kwa jina la mji wa wajenzi wa meli na wachimba makaa wa Uingereza. Mwaka 1971 wakalivua jina lile wakajiita Simba. Na hapa ndipo penye hekima, maana hawakuitupa rangi. Nyekundu na nyeupe zilibaki, na leo ukipita Mtaa wa Msimbazi siku ya mechi ukaona watu wamefurika kwa wekundu, hakuna hata mmoja wao anayewaza mji wa Sunderland. Rangi ile imekwisha kuloweshwa katika machozi na furaha za Kariakoo mpaka imekuwa ya Kariakoo. Watani wao wa jadi, wale Young Africans waitwao Yanga, walibaki na jina la Kiingereza hadi leo, lakini juu ya nembo wakaweka ramani ya Afrika na mwenge, kwa hivyo mtu asiyejua neno lolote la Kiingereza huitazama akafahamu yanayosemwa.

Amri ya serikali haitoshi katika mambo haya. Nchini Kenya, mnamo 1980, klabu zilizokuwa na majina ya makabila ziliamriwa kuyabadili, na Abaluhya wakageuka AFC Leopards, jina lililoundwa ili herufi zipatane na za jina la zamani. Lakini mashabiki waliiita Ingwe, yaani chui kwa lugha yao, na jina la mashabiki ndilo lililopata roho.

Turudi kwa yule Mtakatifu George niliyemkuta Kamwokya, kwa kuwa hakuishia hapa. Mwaka 1939, huko Elisabethville, mji wa Kongo uitwao sasa Lubumbashi, mapadri wa Kibenedikto waliunda timu ya vijana wakaiita kwa jina lake, Saint-Georges. Baadaye ikaitwa Saint-Paul, kisha ikachukua jina la Englebert, ambalo lilikuwa jina la kampuni ya Kibelgiji ya matairi ya magari. Yaani klabu moja ilipita kutoka kwa padri hadi kwa mfanyabiashara, kila mmoja akiipiga chapa yake. Hiyo ndiyo TP Mazembe ya leo, bingwa wa Afrika mara tano, klabu iliyofika fainali ya klabu za dunia mwaka 2010. Na juu ya nembo yake kuna mamba aliyeshika mpira kinywani. Jezi yao ni ya mistari myeusi na myeupe, na mgeni anaweza kudhani kwamba ni Juventus, mpaka amwone mamba. Akiisha kumwona, hadhani tena. Na Wakongo hao hao, nchi yao ilipokuwa Zaire, walikwenda Kombe la Dunia la 1974, wa kwanza kutoka Afrika iliyo kusini ya Sahara, wamevaa jezi ya kijani yenye kichwa kikubwa cha chui mbele. Walifungwa na Yugoslavia mabao tisa kwa bila, jambo la kuhuzunisha. Lakini jezi za timu nyingi zilizoshinda mwaka ule zimesahauliwa, na ile ya chui bado inatafutwa na kuigwa na watu wa mbali ambao hawajapata kuiona Kinshasa.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tulikwisha kulifanya jambo hili kwa ustadi kabla ya mpira kupata mizizi kwetu, tena waliolifanya ni wanawake. Kanga, mabibi na mabwana, haikuwa nguo ya viwanda vyetu. Ilichapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani, kwa mashine za watu ambao wengi wao hawakujua hata Mombasa iko upande gani wa ramani. Lakini mwenye kuamuru nini kichapwe alikuwa mwanamke wa pwani, kwa sababu kama hakuipenda haikununuliwa. Yeye ndiye aliyetaka pindo liwe hivi na mji uwe hivi, na juu ya yote akataka jina, yaani lile neno la Kiswahili linaloandikwa chini ya mji, ambalo kwanza liliandikwa kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi. Kitambaa cha mgeni, wino wa mgeni, mashine ya mgeni, lakini kauli ni ya mwenyewe. Husimuliwa kwamba kule Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililojulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", ndilo lililotangulia kuandikisha majina hayo. Na iwe ni yeye au mwingine, aliyelianzisha jambo lile aliwapa watu wetu mahali pa kusemea. Kwa nini basi nguo ya mama iseme maneno yake mwenyewe, na jezi ya mwanawe iseme ya Barcelona?

Hapa Uganda ushahidi uko karibu zaidi. Kila ukoo wa Buganda una muziro wake, yaani mnyama au kitu ambacho watu wa ukoo huo hujiita kwacho na hawakili: simba, chui, mamba-samaki wa ziwani, senene, nyati, mbega. Na kila ukoo una mubala, mdundo wake wa ngoma wenye maneno yake, ambao mtu akiusikia kutoka kilima cha pili hujua ni akina nani wanaokuja. Huyo muziro ni nini kama si nembo, na huo mubala ni nini kama si wimbo wa mashabiki? Ujuzi wa kuwakusanya watu chini ya alama moja uliimarika katika nchi hii karne nyingi kabla ya Waingereza kuunda chama chao cha kandanda mwaka 1863. Timu yenu ya taifa, ile inayoitwa Cranes, imemchukua korongo mwenye taji, aliyemo katika bendera ya 1962, ambaye Waganda humwita ng'aali, na hakuna timu yoyote ya Ulaya inayoweza kudai kwamba ndege yule ni wake.

Nina neno juu ya mzinga wa Arsenal, na nataraji wapenzi wa klabu hiyo, ambao najua kuwa ni wengi katika ukumbi huu, watanivumilia. Arsenal iliundwa na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali ya Uingereza huko Woolwich, na mzinga ulio juu ya nembo yao ni kumbukumbu ya kazi ya mikono yao. Wana haki nao. Lakini miaka minne tu baada ya klabu ile kuzaliwa, katika Desemba 1890, Kapteni Lugard, Mwingereza, alifika katika mji huu na bunduki ya Maxim, akajenga ngome juu ya kilima cha Old Kampala, na tarehe 24 Januari 1892 bunduki ile ikapigwa katika vita vya Mengo. Sisemi kwamba mzinga wa nembo ndio bunduki ya kilimani. Nasema kwamba silaha ya Mwingereza ina kisa chake katika vilima hivi, na kijana wa Kampala anayeishona kifuani ana haki ya kukijua kisa hicho kabla ya kuchukua sindano. Katika ngome ile ile ya Old Kampala ndimo lilimoanzishwa jumba la makumbusho mwaka 1908, ambalo watu walilipa jina la Enyumba ya Mayembe, nyumba ya hirizi, kwa vitu vya ibada vilivyokusanywa humo. Na tangu 1954 jumba hilo liko Kitante, kando ya Barabara ya Kira, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka tulipokaa. Zimo ngoma, ngao, vinanda, na michoro ya kila namna. Kamwokya imepakana na hazina ya alama, na timu zake zinakwenda Katalunya kutafuta nembo!

Najua sababu, wala si kupenda ugeni peke yake. Mfadhili wa timu ya mtaa akiwa na fedha kidogo atakwenda soko la Owino, atakuta jezi za mitumba au seti zilizokwisha shonwa, zote na nembo za Ulaya, kwa bei anayoiweza. Akitaka nembo yake mwenyewe lazima amlipe mchoraji, kisha aende Nasser Road kwa wachapaji, ambao ni mafundi hodari lakini tayari wanazo nembo za Chelsea na Liverpool ndani ya mashine zao, na kubadili herufi tatu ni kazi ya dakika tano. Iko pia sheria ya alama za biashara, iliyotungwa hapa mwaka 2010, lakini sitaki kuwatisha vijana kwa mahakama. Linaloniuma ni hesabu nyingine. Kuanzia 2018 jezi ya Arsenal ilibeba mkononi jina la Rwanda, na kwa nafasi ile ya kitambaa isiyozidi kiganja jirani zetu hao walilipa fedha nyingi mno. Maana yake ni kwamba huko Ulaya wanajua thamani ya kubeba jina la mtu juu ya nguo, ilhali vijana wetu huyabeba majina ya klabu za Ulaya bure, na jezi wananunua wenyewe.

Mwaka 2023 Uganda, Kenya na Tanzania zilipewa heshima ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na jina zililolitumia kuomba ni neno la Kiswahili, Pamoja. Wageni watakaokuja watapita pia katika mitaa, na macho yao yataangukia viwanja vya vumbi na nembo za kifuani mwa wanaocheza humo.

Wapo watakaouliza: Kamwokya ina nini cha kuchora? Swali hilo lilipata kuulizwa juu ya klabu ya manispaa ya jiji hili, KCC, iliyoundwa mwaka 1963 na leo inaitwa KCCA. Kwa kuwa manispaa ndiyo iliyozoa taka, watu waliwapachika wachezaji wake jina la Kasasiro, vijana wa taka. Nao hawakulikana, wakalivaa, wakashinda nalo, mpaka tusi likawa sifa, na leo katika dunia nzima ukisikia Kasasiro umesikia klabu moja tu.

Nilimwambia hayo yule nahodha, siku niliyorudi kiwanjani. Alinisikiliza, akasema, "Mzee, hapa kwetu hamna simba." Nikamwambia asitafute simba. Baada ya wiki mbili alinijia na karatasi ya daftari la shule iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amemchora kaloli, yule korongo mkubwa mwenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni, anayesimama juu ya mapaa na majalala ya Kampala asubuhi na jioni, ambaye kila mgeni humstaajabia na kila mwenyeji humfukuza. Amesimama kwa mguu mmoja juu ya mpira, na chini yake, kwa mkono wa mtoto wa shule, jina la mtaa limeandikwa kwa ukamilifu, Kamwokya, bila ya kufupishwa. Aliniuliza kama inafaa ndege mbaya kama yule kuwekwa kifuani. Nilimwambia aende akawaulize wenzake, kwa kuwa ndio watakaomvaa.

Walikubali wote isipokuwa mlinda mlango, ambaye anataka shingo ifanywe ndefu zaidi. Karatasi yenyewe ninayo hapa mezani, na kijana mwenyewe ameketi safu ya tatu. Kama kuna fundi cherehani au mchapaji miongoni mwenu, nawaomba mje muitazame kabla hatujaondoka.